Pedeli ya Mashoto

Mguu wa kushoto wa baba unakunjika mpaka mahali fulani, kisha unakataa, kama mlango uliozuiwa na gunia kwa ndani. Umekuwa hivyo tangu bodaboda iliyombeba ilipoteleza kwenye tope na kumwangukia. Hospitalini walimtia chuma, mfupa ukashika, lakini goti halikurudi kuwa goti. Akaapa hatapanda pikipiki tena. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka yake yote ya kazi, na ni mtu wa kushika kiapo hata pale kiapo chenyewe kinapomuumiza.

Shida ilikuwa shamba. Shamba letu liko bondeni, ukingoni mwa Mto Tana, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa miguu kutoka Garsen kwa mtu mwenye magoti mawili. Kwa misimu miwili baba hakufika. Mdogo wake, baba mdogo wangu, alililima kwa niaba yake na hakuna aliyelalamika. Lakini mafuriko ya mwaka huo yalipoanza kupungua, baba mdogo alikuja nyumbani, akanywa chai, akazungumza habari za ng'ombe walioingia kwenye migomba ya watu, kisha akasema neno lililomfanya baba aweke kikombe chini.

"Kaka, nitalima tena, hilo halina shida. Ila safari hii nataka kupanda migomba mpaka upande wako. Ukija mwenyewe kupanda, sawa, nitabaki kwangu. Usipokuja nitajua umeliacha, na sitakuja tena kukuuliza."

Hakulisema kwa ubaya. Mahindi ni ya msimu mmoja, lakini mgomba ukishika hauondoki, na anayeupanda haondoki pia. Kwetu shamba la mtoni ni la anayelikanyaga. Maji yakija yanafuta kila alama, na yakiondoka kila mtu huenda akasimama kwenye tope lake, akaonekana amesimama. Nilipokuwa chuo kikuu niliandika insha nzima kuupinga utaratibu huo, nikasema unawaonea wajane, wagonjwa na walio mbali. Mhadhiri aliipenda sana. Mtoni hakuna aliyeisoma.

"Nitakuja," baba alisema.

"Kwa nini?" mama aliuliza. Alikuwa na maana ya kwa chombo gani.

 Baba alinitazama mimi, binti yake, kisha akatazama ukutani, ilipokuwa imeegemea fremu ya baiskeli isiyo na magurudumu.

Nilikuwa nimerudi Garsen na digrii na bila kazi, kama wenzangu wengi. Chuoni nilikuwa nimejifunza kitu kimoja ambacho hakikuwa kwenye ratiba: kufufua baiskeli kuukuu. Tulikuwa wanafunzi wachache tuliookota fremu zilizotupwa, tukazisugua, tukajifunza kutoka kwenye video za watu wa nchi za mbali wanaozungumza na baiskeli zao kama wagonjwa. Nyumbani sikuwa na wenzangu hao, kwa hiyo nilikwenda kukaa na fundi wa baiskeli pale njia panda, karibu na mahali mabasi ya Lamu na Malindi yanaposimama. Ni mzee wa Kipini, kule mto unapoingia baharini, na Kiswahili chake ni cha huko. Siku ya kwanza aliniambia, "Ndoo hapa." Nikazunguka kibanda kizima nikitafuta ndoo, nikamletea. Alinitazama na ndoo yangu, akacheka mpaka akashika ubao. Kwao "ndoo" ni "njoo".

"Chuo kikuu hawakukufundisha kuitwa?" aliuliza.

Ni yeye aliyenielekeza kwenye ile baiskeli. Ilikuwa Kipini, imetundikwa kwenye stoo ya nyumba ya jamaa zake, baiskeli ya Kifaransa ya safari ndefu: fremu nyembamba ya chuma, usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, keria mbele na nyuma, gia ambazo unazibadilisha kwa vijiti viwili vilivyo kwenye fremu. Nilipouliza imefikaje hapo, nilipewa habari tatu. Wa kwanza alisema iliachwa na mzungu aliyetoka Misri akipiga pedeli na ambaye homa ilimshika Kipini akarudi kwao kwa ndege. Wa pili alisema ilikuwa ya padri. Wa tatu alisema mzungu, padri na homa ni maneno ya watu wasio na kazi. Ilinunuliwa Mombasa na mjomba wake ili kumkoga mtu. Mimi sikuziamini zote. Niliamini zaidi kile nilichokuta ndani ya baiskeli yenyewe: mchanga mwekundu ndani ya ekseli ya nyuma, ambao si wa Kipini, na mkoba wa turubai wenye vipuri vilivyofungwa kwenye matambara yenye mafuta. Mlikuwa na nyaya za breki, spoki, na jozi nzima ya pedeli za akiba. Mwenyewe, yeyote aliyekuwa, alikuwa mtu wa kutarajia mabaya. Nilimpenda.

Kwa miezi kadhaa niliirudisha pole pole. Kutu niliitoa kwa brashi ya waya na maji ya ndimu. Gololi nilizibadilisha. Wale watu wa video wana sheria yao: kila kitu kibaki cha asili, hata rangi iliyobanduka ibaki imebanduka. Nilianza nikiwa muumini wa sheria hiyo. Lakini kila mpita njia pale kwa fundi aliuliza swali moja tu: inabeba? Hakuna aliyeuliza ni ya mwaka gani. Nami nikaanza kujiuliza, asili ni ipi hasa? Siku ilipotoka kiwandani, au siku ilipofika Kipini? Kiti kilikuwa kimebadilishwa zamani na mtu fulani, na spoki nane hazikufanana na nyingine. Baiskeli ya safari imetengenezwa ili ibadilishwe njiani. Kuigandisha ni kuikatalia safari.

Kwa hiyo baba alipoitazama ile fremu, nilikuwa tayari. Nilitoa pembe za kondoo, nikaweka usukani ulionyooka wa Blekimamba, zile baiskeli nyeusi nzito ambazo kila mtu hapa amejifunzia. Niliweka matairi mapana kadiri fremu ilivyokubali. Keria ya mbele niliipinda ibebe jembe. Likabaki goti.

Nilimkalisha baba kwenye kiti kirefu, nikamwambia auzungushe mguu hewani kama anayepiga pedeli, huku nimemshikia uzi na chaki. Tuligundua kwamba mguu wake unaweza kuchora duara, lakini duara dogo. Ule mkono wa chuma unaoshika pedeli ulikuwa mrefu mno kwake. Duara la upande wa kulia lingebaki lilivyo, la kushoto lilipaswa kupungua kama upana wa vidole vinne. Mkono mfupi, duara dogo, goti linapita chini ya pale linapokataa. Baba alifurahi kama mwanafunzi wake amepata hesabu yote.

"Kumbe si goti lililo bovu," alisema. "Ni baiskeli iliyo ndefu."

"Vyote viwili, baba."

"Niache na langu."

Nilimpelekea fundi hoja hiyo asubuhi yake. Alikubali duara, akakubali vidole vinne. Nikamwambia rahisi kabisa ni kutoboa tundu jipya katikati ya mkono huo huo wa kushoto, tuchonge hesi, ile mifereji ya skrubu, ndani yake, tufunge pedeli pale.

"Huwezi," alisema. "Ya kushoto ni mashoto."

Mashoto ni mtu anayetumia mkono wa kushoto. Mafundi wa njia panda wanaitumia kwa pedeli pia: pedeli ya kulia inafungwa kama skrubu yoyote duniani, lakini ya kushoto imechongwa kinyume, ukitaka kuikaza unaizungusha upande ambao kitu kingine chochote kingefunguka. Nilijua hilo, nimeifungua na kuifunga mara nyingi. Ambalo sikujua ni sababu yake.

"Sina chombo cha kuchonga mashoto," fundi aliendelea. "Garsen nzima hakuna. Nitamwambia kondakta wa basi la Malindi atafute mkono mfupi wa baiskeli ya watoto, wa kushoto, uje umeshachongwa kiwandani. Utafika."

"Lini?"

"Utakapofika."

Siku hizo kila jioni baba alikuwa akiuliza watu wanaotoka mtoni tope likoje. Kupanda kwetu hakufuati kalenda. Tope likiwa bado linateleza, mbegu zinaoza. Likishapasuka na nyufa kuingiza kidole, umechelewa. Kuna siku chache katikati, na siku hizo zilikuwa zimekaribia. Sikuweza kumngoja kondakta.

"Fundi, kwa nini ya kushoto iwe kinyume?"

"Ili isitoke."

"Lakini kwa nini isitoke ikiwa kinyume, na itoke ikiwa kawaida?"

"Mwanangu, mimi nafunga pedeli tangu kabla mamako hajaolewa."

"Hilo si jibu."

"Si jibu, lakini ndilo nililo nalo."

Nilichukua spoki mbovu nikachora mchangani. Nilimwonyesha: ukiwa unapiga pedeli, mguu wako unaizungusha pedeli juu ya ekseli yake. Ndani kuna gololi, na gololi hata zikiwa na grisi zinaburura kidogo. Upande wa kushoto, mbururo huo unaelekea upande wa kukaza skrubu ya kawaida. Kwa hiyo ya kawaida ingejikaza yenyewe kila unapokwenda, na hiyo mashoto yenu ndiyo inayojaribu kufunguka. Nilichora mishale. Hesabu ilikuwa safi, na hata leo sioni kosa kwenye mishale ile.

Fundi aliitazama michoro. "Mizuri," alisema.

"Umewahi kuona pedeli ya kushoto iliyofungwa kawaida ikatoka?"

"Sijawahi kuifunga kawaida."

"Basi hujui!"

"Sijui," alikiri. "Na sitatoboa."

Leo nikikumbuka, naona ni neno lenyewe lililonipoteza. Nimekulia mahali ambapo mkono wa kushoto hausalimii, haupokei, hauli. Shule ya chekechea niliona mtoto akifungwa kitambaa mkono wa kushoto ili aandike kwa wa kulia. Kila nilipouliza sababu niliambiwa ndivyo ilivyo. Nilipomsikia mzee akisema "mashoto" kwa sauti ile ile ya kukatisha mjadala, nilisikia katazo jingine la aina hiyo. Nilikuwa nimejizoesha kuamini kwamba mtu asiyejua sababu ya jambo hana haki ya kulishikilia. Sikuwahi kujiuliza sababu ya imani hiyo.

Niliipeleka baiskeli kwa makanika wa magari ng'ambo ya barabara. Kumbe pedeli za Kifaransa zina unene wa plagi ya gari, hesi zile zile kabisa, na yeye ana chombo cha kuchongea tundu la plagi lililokufa. Ni cha kawaida, cha kulia. Katika mkoba wa turubai nilikuwa na pedeli nyingine ya kulia. Kila kitu kilikutana kana kwamba mwenye baiskeli alikuwa amenitayarishia. Makanika alitoboa, akachonga, nikafunga pedeli kwa nguvu zangu zote. Nilipopita mbele ya kibanda, fundi aliinua mkono.

"Naona umempeleka mgonjwa hospitali ya magari."

"Amepona, fundi."

"Inshallah."

Niliijaribu kwa kuzunguka soko mara tatu. Haikulegea hata unywele. Jioni ile baba aliipanda uani. Alizunguka mwembe, akazunguka tena, mguu wa kushoto ukichora duara lake dogo na wa kulia lile kubwa, mabega yakiyumba kwa namna ya ajabu. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Anacheza ngoma gani huyo?"

"Anakwenda mtoni kesho," nikasema.

Mama aliangalia vidole vyangu vyeusi kwa grisi. "Miaka minne chuo," alisema, lakini macho yake yalikuwa kwa baba, na hakurudi jikoni mpaka alipomaliza mzunguko wa tatu.

Tuliondoka asubuhi, baba mbele, mimi nyuma kwenye Blekimamba niliyoazima. Alifunga jembe kwenye keria ya mbele na mbegu za mahindi kwenye ya nyuma. Njia ya shambani inapita juu ya tuta refu lililojengwa kuzuia maji, nyembamba, kulia vichaka, kushoto mtaro wenye tope. Baba alikuwa akiongea peke yake. Akiona shamba la mtu anataja lililopandwa humo msimu uliopita, kana kwamba alikuwapo. Watu walimwita kutoka mashambani, "Mwalimu! Umefufuka!" naye akajibu kwa kengele, kwa sababu hakuthubutu kuachia usukani.

Nusu ya njia hivi nikaanza kusikia mlio. Tik. Kila mzunguko mmoja, tik. Nilifikiri ni mnyororo. Kisha nikafikiri ni kiti. Nilikuwa na sababu nzuri kwa kila kitu isipokuwa kile kimoja, nacho nilikizunguka kwa makusudi, kwa sababu mishale yangu ilisema hakiwezekani. Ningeweza kumwambia asimame. Ilikuwa ni neno moja tu. Niliendelea kusikiliza, nikisubiri ushahidi zaidi.

Ushahidi ulikuja pale tuta linapopinda. Pedeli ya kushoto ilichomoka na mguu wa baba ukashuka nayo. Baiskeli ililala upande wa mtaro. Aliangukia tope, kwa ule mguu, na nikasikia sauti aliyotoa, sauti fupi kama ya mtu aliyeitwa ghafla.

Nilimfikia nikiwa nimeitupa Blekimamba sijui wapi. Alikuwa amekaa matopeni, mikono miwili ameshika goti, macho amefumba.

"Baba. Limevunjika?"

"Nyamaza kidogo."

 Alipumua. Akaunyoosha mguu, akaukunja ulipokubali, akaunyoosha tena.

"Halikuvunjika. Limekunjwa kuliko linavyotaka." Alifungua macho. "Kimetoka nini?"

Pedeli ilikuwa karibu na mkono wake. Niliiokota. Hesi za mwisho zilikuwa zimekwanguliwa, kwenye tundu mlikuwa na vumbi la chuma linalong'aa. Haikukatika, haikuvunjika. Ilikuwa imejifungua yenyewe, mzunguko kwa mzunguko, mbele ya macho yangu, upande ule ule niliothibitisha kwamba haiwezi.

"Nimekosea," nikasema. "Fundi alinikataza. Alisema itatoka."

"Alikwambia kwa nini?"

"Hakujua."

Baba alifikiri juu ya hilo, akiwa bado kwenye tope. "Ulipaswa kuniambia kwamba kuna mtu amekataa," alisema. "Goti ni langu. Labda ningekufuata wewe. Lakini ningejua."

Katika maneno yote niliyoambiwa baadaye, na mama alinipa mengi, hayo ndiyo yaliyobaki. Nilikuwa nimebishana na fundi kama vile jambo lilikuwa kati yangu na yeye. Aliyekuwa na cha kupoteza hakuitwa kwenye mjadala.

Nilisema turudi. Baba aliuliza kumebaki umbali gani. Nikamwambia pengine kilomita moja.

"Na nyumbani?"

"Zaidi."

"Basi hesabu imejijibu."

Nilimnyanyua, nikamkalisha kwenye kiti cha baiskeli, mguu wa kulia juu ya pedeli iliyobaki, wa kushoto ukining'inia. Nilishika keria ya nyuma nikasukuma. Hivyo ndivyo tulivyofika, mimi nikihema, yeye akiongoza usukani na kuniambia wapi kuna shimo.

Baba mdogo alikuwa kwake, upande wa pili wa mpaka, na machipukizi ya migomba yamerundikwa kando, yakisubiri. Alinyooka akatutazama tukija.

"Kaka! Nilisikia umepata baiskeli. Sikujua inaendeshwa na punda."

"Punda ana digrii," baba alijibu, kisha akaniambia mimi, "Nishushe, mama."

Alitembea mpaka shambani akiegemea jembe. Tope lilikuwa limeanza tu kupasuka, nyufa nyembamba kama mistari ya kiganja. Kwa kawaida baba hupanda kwa kamba, mistari iliyonyooka kama ya daftari. Siku hiyo hapakuwa na kamba. Alipiga shimo, akavuta mguu, akapiga jingine. Mimi nilitia mbegu na kufukia kwa kisigino. Baba mdogo aliacha kazi yake akawa anatazama. Tulipanda mistari minne. Kwenye wa tano baba alisimama, akabaki amesimama, nikaona jasho lililo usoni mwake si la jua.

Alirudishwa kwa mkokoteni wa punda wa kweli. Goti lilivimba mpaka likawa kama tikiti, na kwenye zahanati waliagiza asiukanyagie mguu. Siku zile chache za katikati zikapita. Kila asubuhi baba alilala akiangalia mlango, na mama akampita akiniangalia mimi. Hakuna aliyetaja shamba. Mistari minne si shamba. Nilijua, naye alijua, kwamba zile nyufa sasa zinaingiza kidole, na machipukizi ya migomba hayakai kwenye rundo milele.

Nilikwenda kwa fundi siku ya tatu baada ya kuanguka kule. Nilikuwa nimetafuta sababu, na nimeipata, na haikuwa mbali. Nilitengeneza duara kwa kidole gumba na cha shahada, nikapitisha kalamu katikati, ikalegea kidogo, nikaitembeza ncha yake kwa duara, ikisuguana na vidole. Kalamu ilijiviringisha ndani ya vidole, lakini kinyume cha nilivyokuwa nazungusha. Ekseli ya pedeli inafanya vivyo hivyo ndani ya tundu lake, kwa nafasi ndogo isiyoonekana, uzito wa mtu ukiisukuma huku na huku. Mbururo wa gololi upo, nilikuwa sawa kuhusu huo, lakini huo ni mtoto mbele ya nguvu hii. Nilimwonyesha fundi mara mbili.

Aliichukua kalamu, akajaribu mwenyewe, akafurahi. "Kwa hiyo nilikuwa sawa."

"Ulikuwa sawa, fundi. Naomba radhi."

"Tangu mwanzo nilikuwa sawa."

"Ndiyo."

"Basi kalamu ya nini?"

 Kwangu kalamu ilikuwa ndiyo yote. Bado nadhani alipaswa kujua sababu, na bado nadhani siku moja mtu kama yeye atashikilia kwa sauti ile ile jambo lisilo na sababu yoyote, na nitamkatalia, na nitakuwa sawa. Kutofautisha haya mawili kabla pedeli haijatoka, hilo sijajifunza. Nilichojifunza ni kumwuliza kwanza mwenye goti.

"Mamangu," fundi alisema akinirudishia kalamu, "mkono mfupi umefika na basi la jana. Umetoka kwenye baiskeli ya watoto, mashoto halisi. Ndoo tuufunge."

Mkono ule ulipwaya kidogo kwenye ekseli ya Kifaransa, tukaubana kwa kipande cha bati na kota mpya, ile pini inayoushika mkono kwenye ekseli. Pedeli ilikuwa ya Blekimamba, nene kama tofali. Niliiendesha mpaka Minjila, mji wa jirani, na kurudi, kesho yake tena, keshokutwa tena, nikisimama kila baada ya muda kuweka spana. Haikusogea. Niliiegemeza ukutani uani. Baba aliiona. Hakuigusa.

Mahindi yalipokuwa yamefika magotini mwa mtu, nilikwenda shambani peke yangu, kwa sababu mmoja wetu alipaswa kuona. Nilishuka tutani nikitafuta migomba upande wetu. Haikuwapo. Baba mdogo alikuwa amepanda kwake mpaka mwisho wa mpaka, akasimamia hapo. Upande wetu palikuwa na mistari minne iliyopinda, kisha sehemu kubwa iliyobaki, nayo ilikuwa imepandwa kunde, mmea wa msimu mmoja tu. Kwenye mahindi ya baba magugu yalikuwa yamesimama mpaka kiunoni mwa mahindi. Kwingine kote kulikuwa kumepaliliwa kukawa safi.

Baba mdogo alikuja akipangusa panga kwenye suruali.

"Kunde ni zangu, nitavuna," alisema. "Sikutaka ardhi ikae bure. Lakini yale mahindi si yangu, na sipalilii mahindi ya mtu. Mwambie babako yanamwaibisha."

Nilimfikishia baba maneno hayo kama yalivyosemwa, bila kupunguza. Alikuwa amekaa barazani na gazeti la wiki iliyopita. Aliniambia niyarudie. Nikayarudia.

"Magugu yako wapi? Kiunoni?"

"Kiunoni."

"Mshenzi huyu," alisema, na sijawahi kumsikia akimtaja ndugu yake kwa furaha kama ile. Alikunja gazeti, akaushika mguu kwa mikono miwili akaushusha chini. "Hiyo baiskeli, kuna mtu yeyote aliyekataa jambo lolote?"

"Fundi anasema kota ikazwe tena baada ya safari ya kwanza. Mimi nadhani baada ya safari ya pili inatosha."

"Na nani ana sababu?"

"Hakuna. Yeye anasema ndivyo ilivyo. Mimi nakisia tu."

Baba alifikiri. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, akitungoja sote wawili.

"Tukaze baada ya ya kwanza," baba alisema. "Nipe jembe dogo."